Mlimani au Ufukweni: Wageni Walale Wapi?



Kila mwaka majuma ya Majilio yakikaribia, simu ya ofisi ya parokia haipumziki. Wengi hupiga kuandikisha nia za Misa. Wengine huulizia vyeti vya ubatizo, maana wanataka kufunga ndoa wakati wa likizo na hawakumbuki walibatizwa mwaka gani. Lakini miaka hii ya karibuni limezuka swali la tatu, nalo laulizwa na watoto wetu walioko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na hata nchi za nje: "Karani, tunakuja na wageni. Nyumbani hapatoshi. Tuwalaze wapi?"

Ninyi mwajua mambo yetu ya Kagera mwisho wa mwaka. Mabasi hujaa, meli ya Mwanza hujaa, ndege nazo hujaa. Na mtoto anayerudi haji tena peke yake na kikapu chake. Huja na mke, watoto, wakwe, na rafiki wa kazini asiyepata kuona migomba mingi namna hii. Kwa hiyo swali lake ni la haki.

Kwa sisi wa upande wa Muleba, hasa huku juu Kamachumu, majibu huwa mawili. Wengine husema: wageni walale huku huku mlimani, katika nyumba za wageni za mji wetu mdogo. Wengine husema: la, washuke Bukoba, walale katika hoteli za ufukweni, waone ziwa. Juma hili nataka tulizungumze jambo hili taratibu, maana nimeona jamaa njema ikikaribia kugombana kwa ajili yake, na mimi mwenyewe nilikuwa na sehemu yangu katika kosa.

Habari ilikuwa hivi. Desemba 2024 mzee mmoja wa parokia, katekista aliyestaafu, pamoja na mkewe, walikuwa wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Walifunga ndoa mwaka 1974 pale Rutabo. Misa ya shukrani ilipangwa Jumapili tarehe 29, Sikukuu ya Familia Takatifu. Wana watoto saba, na wote isipokuwa mmoja wanaishi mbali. Walipohesabu watu watakaolala, walipata 31. Nyumba ya wazee ina vyumba vinne.

Mwana mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, aliandika katika kundi lao la simu kwamba wote walale ufukweni Bukoba kwa siku nne, na wazazi wachukuliwe pia. Alisema, "Wazazi wetu wamechoka. Tuwapeleke pahali pazuri, watumikiwe kama watu wengine." Binti wa pili, mwalimu huko Mwanza, akajibu kwamba hayo ni majivuno ya mjini. Sherehe iko mlimani, kanisa liko mlimani, makaburi ya wazee yako mlimani. Kwa nini basi watu walale mbali kama watalii? Mwingine akasema kaka anataka kuonekana. Kaka akasema dada anaona uchungu wa fedha. Basi, kwa siku tatu hakuna aliyemwandikia mwenziwe neno jema.

Mwishowe wakaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyeandikisha ile Misa. Nami moyoni nilikuwa upande wa binti. Niliona neno lake ni la haki, na bila kumwuliza mtu mwingine nikaenda nikashika vyumba kumi hapa mlimani kwa siku nne, nikatoa na arubuni. Nikarudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyepatanisha mataifa.

Kabla sijawaambia mwisho wa habari, tuzitazame kwanza pande zote mbili kwa haki, maana kila upande una wema wake na taabu zake.

Tuanze na ufukweni. Mji wa Bukoba uko ukingoni kabisa mwa ziwa. Wajerumani walijenga boma lao hapo mwaka 1890, walipofika na Emin Pasha, na tangu hapo umekuwa mji mkubwa wa nchi yetu hii. Bandari iko hapo, kiwanja cha ndege kiko hapo kando ya maji, na mabenki, soko na maduka ya dawa yote yako karibu. Mgeni aliyekuja na meli ya usiku kutoka Mwanza hushuka asubuhi, na kabla jua halijawa kali amekwisha kuoga na kulala. Kwa mtu aliyechoka jambo hilo si dogo.

Kisha kuna lenyewe ziwa. Mtoto aliyekulia mjini aweza kukaa mchangani siku nzima asiombe kitu. Mbele yake aona kisiwa cha Musira. Akitaka kujifunza, kuna Makumbusho ya Kagera huko Nyamukazi, ng'ambo ya kiwanja cha ndege. Akitaka kula, kuna sato. Na anayetaka kusali ana kanisa kuu la jimbo, Mama wa Huruma, ambamo amelazwa Laurean Kardinali Rugambwa.

Taabu zake ni hizi. Ya kwanza ni mwendo. Sherehe ikiwa Kamachumu na wewe umelala Bukoba, yakubidi kupita Kemondo mpaka Muhutwe, ndipo uanze kupanda. Ni saa moja na kitu kwa gari, nayo ni kwenda tu. Mwenye Misa ya saa nne asubuhi aamke usiku, awavishe watoto usingizini, na jioni ashuke mlima gizani katika mvua ya Desemba. Nimewaona wageni wa namna hiyo wakifika kanisani wakati wa Komunyo, bibi arusi amekwisha kuapa.

Ya pili ni maji yenyewe. Ziwa letu ni zuri, lakini lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wakaao kwenye maji machache yaliyotulia, penye majani na matete, navyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Watoto wasioge mahali pa namna hiyo hata kama wenyeji wanaoga. Na mtoto aliyeoga ziwani, kisha baada ya majuma kadhaa aonekana mlegevu au akojoa au kuharisha damu, apelekwe kwa mganga na aelezwe kwamba mtoto aliingia ziwani. Dawa ipo, nayo yaponya.

Ya tatu ni fedha. Katika safari ile ninayoisimulia, chumba kimoja cha ufukweni kilikuwa na bei ya vyumba viwili vya mlimani na kubaki. Wala usisahau kuongeza nauli ya kupanda na kushuka kila siku.

Sasa tutazame mlimani. Kamachumu iko juu ya uwanda, zaidi ya meta mia mbili juu ya ziwa. Aliyepanda kutoka Muhutwe ajua jinsi hewa inavyogeuka katikati ya njia: joto laachwa chini, na mtu aanza kutafuta sweta. Huku ndiko kwenye vibanja vyetu, migomba imesongamana na mibuni chini yake. Mgeni akilala huku, asubuhi asikia kengele ya kanisa, aweza kwenda Misani kwa miguu, na akirudi apita kwa wazee akanywe uji. Akiugua, hospitali ya Ndolage, ya ndugu zetu Walutheri, iko karibu. Na ikiwa amekuja kuwaonyesha watoto kaburi la babu yao, kaburi liko pale pale kibanjani, si safari ya siku.

Kuna jambo jingine. Katika desturi yetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, ile akamwani, kabla ya neno lo lote. Jambo hilo halifanyiki vizuri kwa mtu anayetazama saa kwa sababu gari lamngoja limrudishe Bukoba. Na msimu wa senene, Novemba na Desemba, wajukuu wakishinda na bibi yao wakiondoa mabawa na miguu, hujifunza maneno ya Kihaya zaidi ya yale waliyofundishwa kwa simu mwaka mzima.

Lakini mlima nao una taabu zake, wala tusizifiche kwa kuwa ni kwetu. Vyumba ni vichache, na vikijaa vimejaa. Maji ya moto hayapatikani kila mahali, na asubuhi za mvua ni baridi kweli kwa mtu wa Dar es Salaam. Njia za pembeni huteleza. Umeme ukikatika, mgeni asiyezoea hudhani amepotea. Tena kuna uongo mmoja tunaowaambia wageni wetu, kwamba mlimani hakuna mbu. Mbu wapo. Mwaka 2006 wilaya yetu ya Muleba ilipatwa na mlipuko mkubwa wa malaria. Na ilikuwa vijijini mwetu Muleba, kati ya mwaka 2014 na 2017, wataalamu walipojaribu vyandarua vya namna mpya, vilivyoongezewa dawa ya kuwavunja nguvu mbu waliozoea dawa ya zamani. Na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavikubali. Basi, ulale juu au ulale chini, uliza kwanza kama kitanda kina chandarua.

Mwaona, wasomaji wangu, mizani haiangukii upande mmoja. Wala si sisi wa kwanza kuwa na mlima na ufuko. Kanisa letu hili lenyewe limepitia habari hiyo. Mwaka 1952, Rugambwa alipowekwa kuwa Askofu, makao yake yalikuwa mlimani Rutabo, na mwaka 1953 jimbo lake likaitwa Jimbo la Rutabo. Mwaka 1960, mwaka ule ule Papa Yohane wa 23 alipomfanya kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, jimbo likaitwa Bukoba, na makao yakawa mjini, kando ya ziwa. Alizaliwa mlimani, amepumzika ufukweni. Alifariki Desemba 1997, akazikwa Kashozi, ambako Mapadre Weupe walianza misioni mwaka 1892, na Oktoba 2012 mwili wake ukahamishiwa kanisa kuu la Bukoba. Hakuna Mkristu anayesema Rutabo ilidharauliwa kwa sababu makao yalishuka. Yalikwenda palipokuwa na kazi ya kufanywa.

Naye Bwana wetu alikuwa na mlima na ziwa katika nchi moja. Alipotaka kusali peke yake alipanda. Alipotaka kuwa na watu alishuka pwani, akakaa Kafarnaumu karibu na wavuvi. Petro alipopendezwa na mlima akataka kujenga vibanda huko huko, hakuruhusiwa. Iliwabidi washuke, maana chini alikuwapo mtoto mgonjwa akiwangoja. Sioni katika Injili kwamba mlima ni mtakatifu kuliko ufuko. Naona kwamba kila mara alikwenda kwa ajili ya mtu fulani.

Na hapo ndipo lilipokuwa kosa letu.

Siku moja, yapata majuma mawili kabla ya sikukuu, nilikwenda nyumbani kwa wale wazee kuandika majina ya jamaa katika kijitabu cha Misa. Mzee alikuwa kibanjani. Mama alikuwa peke yake, amenyosha miguu juu ya mkeka, maana magoti yake yamekuwa yakimsumbua tangu zamani. Akaniletea kahawa. Nilipokwisha kuandika akaniuliza, "Karani, nasikia umeshika vyumba. Ni vya nani?"

Nikamjibu, "Ni vya wageni wako, mama."

"Na mimi nitalala wapi?"

"Hapa kwako, mama, kitandani pako. Tumehakikisha hutasumbuliwa."

Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, nimeolewa huku juu miaka hamsini. Kila jioni nikitoka jikoni naliona ziwa. Usiku wa giza naziona taa za wavuvi wa dagaa, nyingi kama mji. Bukoba nimekwenda mara nyingi: hospitali, mahakamani kwa habari ya kibanja, na kanisani. Kila mara jioni tumepanda gari kurudi, kwa kuwa kulikuwa na watoto, au ng'ombe, au fedha hapana. Sijapata kulala hata usiku mmoja karibu na maji yale. Nilidhani watoto wakisema ufukweni, safari hii nitalala. Kisha nikasikia karani amekataa."

Ndugu msomaji, sikuwa na la kusema. Nilitazama kijitabu changu kama mtoto aliyekosa hesabu ubaoni. Kwa majuma matatu watu saba na karani wao walikuwa wamebishana juu ya wazazi. Huyu alisema, "Wazazi wanataka raha." Yule alisema, "Wazazi wanataka nyumbani." Nami nilisema moyoni, "Nawajua wazee hawa tangu utoto." Katika maneno hayo yote hakuna aliyemwuliza mama.

Nikamngoja mzee arudi, nikamwuliza na yeye. Jibu lake likawa jingine kabisa. Akasema, "Mimi usiku wa kuamkia Jubilei sitalala ugenini. Asubuhi ile nataka kwenda kanisani kwa miguu yangu, kwa njia ile niliyopita na mke wangu siku ya arusi." Nikamwambia maneno ya mkewe. Akaketi. Akamtazama mama, akasema, "Hukuniambia." Mama akajibu, "Hukuuliza." Wote wawili wakacheka, na mimi nikapata nafasi ya kupumua.

Hivyo mwana mkubwa alikuwa na haki, na binti pia alikuwa na haki, lakini kila mmoja alikuwa ameshika nusu. Niliwapigia simu jioni ile ile, nikawaeleza maneno ya wazazi kama yalivyo, nikaungama na kosa langu la kutoa arubuni kabla ya kuuliza. Kwa muda mrefu mwana mkubwa hakusema kitu. Kisha akasema, "Karani, hata mimi sikumwuliza. Nilitaka tu aone kwamba nimefanikiwa." Neno hilo lilimgharimu, nami namheshimu kwa ajili yake. Usiku ule akamwandikia dada yake, na dada akamwandikia yeye.

Shauri likawa hili. Wageni walale mlimani siku tatu, mpaka Misa na karamu viishe. Binti na watoto wadogo walale nyumbani na bibi, wakubwa katika nyumba za wageni. Kisha Jumatatu tarehe 30 watu wote washuke Bukoba kwa basi dogo la kukodi, wazazi wakiwa mbele, wakalale usiku mmoja ufukweni. Mzee alikubali upesi alipokumbuka kanisa kuu, maana yeye alipata Kipaimara kwa mikono ya Askofu Rugambwa akiwa mtoto, na alitaka kusali kaburini pake. Tena Jumapili ile ile maaskofu walikuwa wanafungua Mwaka wa Jubilei majimboni kote duniani, kama alivyoagiza Papa Fransisko. Akasema, "Basi tutakuwa na jubilei mbili." Na ile arubuni ya usiku wa nne, mwenye nyumba alinirudishia nusu, nusu ya pili niliitoa mimi mfukoni mwangu. Ni ada ya shule, wala silalamiki.

Misa ilikwenda vizuri. Mzee alikwenda kwa miguu, mama alipelekwa kwa gari akamngoja mlangoni pa kanisa, wakaingia pamoja. Jumatatu tukashuka, nami nilikuwamo kwa kuwa walinialika. Tulisali kanisa kuu, tukala sato, watoto wakacheza mchangani mpaka jua likazama.

Usiku ule ulikuwa wa giza, mwezi haukuwapo. Kabla ya mapambazuko niliamka, nikamwona mama ameketi mchangani juu ya kiti, amejifunika kanga mbili, mwana mkubwa yuko chini kando yake. Ziwani taa za dagaa zilikuwa zinarudi. Zilipokaribia, tukaanza kusikia watu wakizungumza: mmoja akimkemea mwenziwe kwa habari ya kamba, mwingine akicheka, mwingine akikohoa. Mama akasikiliza muda mrefu, akasema, "Kumbe taa zile ni watu." Akafanya ishara ya msalaba akawaombea, kila mashua iliyofika.

Mwaka uliofuata magoti yake yalizidi. Hakuweza tena safari ya gari, na Komunyo ikawa yapelekwa nyumbani. Nilipokwenda pamoja na Padre aliniambia kwamba akiziona taa usiku hazihesabu tena kama zamani. Huwaombea wenye nazo. Nikafikiri: kama ule usiku mmoja tungaliukosa kwa ajili ya ubishi wetu, nani angaliulipa? Arubuni hurudishwa nusu. Usiku kama ule haurudishwi.

Sasa, kwa faida ya wote watakaopiga simu mwaka huu, naandika hapa maswali ambayo siku hizi nawauliza kabla sijashika chumba cho chote.

La kwanza: safari hii ni ya nani? Ikiwa ni jubilei ya wazazi, waulize wazazi, kila mmoja peke yake. Wazee wetu wamezoea kusema "vyo vyote vyafaa" ili wasiwasumbue watoto. Usikubali neno hilo mara ya kwanza.

La pili: shughuli yenyewe iko wapi, na saa ngapi? Usiku unaotangulia Misa au mazishi, lala karibu na kanisa. Starehe ya ziwa ifuate shughuli, isiitangulie.

La tatu: nani hana budi kulala nyumbani? Hata nyumba ikiwa ndogo, wawepo wajukuu wawili watatu watakaolala kwa bibi yao. Nimeona wazee wakilia si kwa kukosa chakula, bali kwa kuwa watoto walikuja, wakala, wakaondoka, na usiku nyumba ikabaki kimya kama kabla hawajaja.

La nne: wadhaifu watapata nini? Uliza kama chumba ni cha chini au cha ngazi, choo ni cha namna gani, maji ya moto yapo, chandarua kipo. Nenda ukaone au mtume mtu unayemwamini. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naongeza: wala si picha iliyo katika simu.

La tano: hesabu yote ni kiasi gani? Usihesabu kitanda peke yake. Ongeza nauli, chakula cha hoteli, na siku mgeni atakayokwama kwa mvua. Ikiwa ufukweni kwahitaji mkopo, usiende. Wazazi hawatafurahia usiku mmoja ambao mtoto wao ataulipa mpaka Pasaka. Kuna nyumba za parokia na za watawa zinazopokea wageni kwa bei ya kadiri. Ulizeni mapema, Oktoba, si wiki ya Noeli.

La sita: je, nataka nani anione? Hili jiulize mwenyewe, usimjibu mtu. Si dhambi kulala pazuri, wala si fadhila kulala pabaya. Lakini mtu akichagua mlima ili aitwe mnyenyekevu, au akichagua ufuko ili aitwe tajiri, wote wawili wamewasahau wazazi wao.

Mkiisha kujibu maswali hayo, mlimani au ufukweni, mtapaona wenyewe. Na mkishindwa, njoni ofisini. Nitawasaidia kushika vyumba, lakini nitawauliza kwanza kama mmemwuliza mama.

Mungu azilinde njia zenu mnaporudi nyumbani, ziwani na nchi kavu. Kwaherini hata juma lijalo.

Karani wenu wa parokia.